Uzi Mwekundu wa Mama Tabea

Leo, tarehe 30 Juni 1914, Mama Tabea anamaliza miaka kumi na moja ya utumishi katika zahanati yetu ya misheni, hapa mteremkoni mwa mlima Meru. Kesho ataamka nyumbani kwake Nkoaranga bila kazi ya kumharakisha, na sisi tutaamka hatujui nani wa kutugombeza.

Alianza kama dobi mwaka 1903, zahanati ikiwa bado chumba kimoja cha udongo nyuma ya migomba. Bandeji alizichemsha katika sufuria kubwa aliyoilinda kama ng'ombe wa mahari. Aliyesogea kuota moto pale alijikuta ameshapewa shoka akachanje kuni. Bandeji zake zilitoka nyeupe kiasi kwamba wazee wawili wa kule juu walipona wakakataa kuzivua. Baada ya miaka mitatu Sista Hedwig, mkuu wetu, alimhamishia chumba cha wazazi, na huko ndiko alikobaki.

Mimi ninayeandika ni Kisioki, msafisha vidonda. Nimetoka Olasiti, tambarare, kwenye jua. Mwenzangu Elinaza, mgawa dawa, amezaliwa juu kabisa, karibu na msitu, mahali ambapo ukungu wa Julai huingia ndani ya nyumba kama mgeni aliyealikwa. Nalitaja hili kwa sababu nusura tumuue mtoto kwalo.

Ilikuwa Julai 1908. Tulikuwa na kipimajoto kimoja tu, cha kioo, ukutani katika chumba cha wazazi. Asubuhi moja niliingia na shuka limelowa, nikalitundika kwenye msumari uliokishikilia. Shuka lilianguka na kipimajoto, na zebaki ikatawanyika sakafuni. Sista aliagiza kingine Ulaya, ambacho kingetufikia karibu na Krismasi. Siku tano baadaye Ndeshi, mke wa mkulima wa jirani, alijifungua mtoto wa kike wa miezi saba. Angeweza kulala ndani ya kibuyu.

Sista alituagiza kuweka chumba katika joto moja mchana kutwa, lisizidi wala lisipungue, maana mtoto wa namna ile hana nguvu ya kujipasha moto wala ya kujipoza. Basi ikawa zamu yangu nikiona baridi, naongeza makaa. Akiingia Elinaza anaona tanuru, anafungua dirisha. Kila mmoja wetu alikuwa tayari kuapa kwamba ngozi yake ndiyo inayosema kweli. Siku ya tatu mtoto aliacha kunyonya. Mama Tabea alitutoa nje wote wawili, akatuambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi kwamba tumemwacha mtoto wa watu alelewe na ngozi mbili zinazogombana.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Pale kwenye sufuria yake alikuwa ameona mara nyingi jinsi maji yaliyojaa yanavyomwagika kabla hayajachemka, kwa kupata moto tu. Alichukua chupa ya dawa iliyokwisha. Aliokota unyoya mkubwa wa tumbusi, akakata ncha zote mbili za bua lake na kulikwangua mpaka mwanga ukapita. Alilisimamisha katika mdomo wa chupa, akaziba pembeni kwa nta ya nyuki pasibaki hata tundu la sindano. Ndani alitaka maji yaliyochanganywa na spiriti na wino kidogo wa shule, ili yaonekane yakipanda. Spiriti ilikuwa imefungiwa kabatini na Sista alikuwa ameitwa Arusha mjini. Hapo nilitoa pombe yangu ya asali, niliyokuwa naiweka nyuma ya ghala kwa ajili ya kikohozi.

Pombe ile ilikuwa bado inachacha, na povu lake liliyasukuma maji juu hata bila joto. Kufikia saa nane mchana maji yalikuwa yanatoka juu ya unyoya, nami, kwa kuitii chupa, nilifungua madirisha yote huku pumzi yangu ikionekana hewani. Mama Tabea alifika mbio, akayafunga, akainusa chupa, halafu akaninusa na mimi. Kikohozi changu kilipona siku hiyo, na watumishi wenzangu hawajaacha kuniulizia hali yake.

Sista aliporudi na ufunguo, chupa ilioshwa na kujazwa upya. Ilibaki kuweka alama. Mama Tabea aliifunga kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kama anavyobebwa mtoto mchanga, akakaa hivyo mpaka maji yalipoacha kupanda. Palepale alifunga uzi mwekundu, alioung'oa kwenye pindo la shuka langu. Chumbani maji yalitakiwa yasimame upana wa kidole chini ya uzi huo. Tangu hapo hakuna aliyebishana. Siku ya pili mtoto alianza kunyonya tena. Leo mtoto huyo, Eunike, anakaribia miaka sita na anafukuza mbuzi wa baba yake bila kuchoka.

Kipimajoto cha Ulaya kilifika, kinapendeza, lakini chupa haijashuka ukutani. Kwa kuwa maji yake hukauka polepole, kila Jumamosi Mama Tabea huifunga kifuani na kuyaongeza mpaka kwenye uzi. Watoto thelathini na wanne wamelala chini yake. Wawili tuliwazika, na yeye hapendi wasihesabiwe.

Nakiri kwamba ilipotangazwa anastaafu, niliogopa. Chupa ile imepimwa kwa mwili wake. Anayeshika nafasi yake ni Ndeshi, yule yule mama wa Eunike, na hofu yangu ilikuwa tutarudi kwenye ngozi zinazogombana. Jumamosi iliyopita Mama Tabea aliyaongeza maji kwa mara ya mwisho, akaiacha chupa ipoe, akamkabidhi Ndeshi. Ndeshi aliifunga kifuani. Tulisimama pale, Elinaza, Sista na mimi, tukiyatazama maji yakipanda taratibu. Yaliposimama, yalikuwa kwenye uzi. Elinaza alisema moshi unamwingia machoni, na jiko halikuwa limewashwa.

Mama Tabea, shikamoo. Ahsante kwa kila mtoto, na kwa kunivumilia. Tunakuombea miaka mingi ya kuota moto wako mwenyewe, bila chupa ya kuangalia.