Msinikatie Ukindu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Antoni, kaa, kikao cha kijiji kitakusubiri. Salvina, acha kunikanda miguu, siisikii tangu jana, unajichosha bure. Na wewe Basili, wewe na cheti chako mmekaa nyumbani mpaka kuku wamewazoea, kwa hiyo nafasi ya kunisikiliza unayo.

Kihamba hiki cha migomba ni chenu wawili, Antoni na Basili, mpaka ni yale masale aliyopanda baba yenu, na atakayeyasogeza asije kunililia. Hilo limekwisha. Nililowaitia ni mikindu ya mtoni, ambayo ni ya Salvina, kwa sababu ndiye anayesuka na ndiyo inayomlisha.

Mnajua tulivyokuwa tukivuna: kuti moja changa, lile ambalo bado limefumba, kisha shina hilo unalipita mpaka lifungue mengine. Ndipo kikaja kikundi cha ushirika wa kijiji, na yule bwana wa mjini mwenye suruali iliyonyooka, "Production, mama, production!", kana kwamba mkindu unajua Kiingereza. Mikindu ikawa ya wote, maana yake haina mwenyewe. Dafroza, wifi yangu, akazamisha panga mpaka kwenye moyo wa mti. Nikamwambia, "Wifi, unaua." Akanijibu, "Mae, wivu utakuzeesha!" Wenzake wakacheka. Mkindu uliokatwa moyo hauanguki, unabaki umesimama tu, unakauka. Nikarudi nyumbani, nikaendelea na ukili wangu, na sikulia. Mpaka leo sijalia, wala sasa sioni uchungu, kwa hiyo msinionee huruma, mtapoteza muda.

Sasa kikundi kimekufa, vile vishina vilivyobaki vimerudi kwetu na ndiyo kwanza vinachipua, na mimi nakufa wakati huu huu, sikuchagua vizuri. Mnaijua desturi yetu wasuka mikeka: akifa mmoja, kila mwenzake analeta mkeka mpya. Mimi nimewafundisha nusu ya wanawake wa Kirua. Watanipenda wote kwa siku moja, kila mmoja atapitia mtoni na kisu, na wakimaliza kuniheshimu Salvina hatakuwa na jani la kusukia hata kifuniko cha chungu.

Sitaki mkeka mpya. Nilazeni kwenye huu huu, na mashimo yake. Wageni wakalie majani makavu ya migomba, na anayeona haya akalie heshima yake. Dafroza atatangulia na machozi ya kuazima; mpeni mbege, mpeni kiti, mkeka wake arudi nao. Basili, huo mdomo wako unaobishana na kila mtu, uutumie kanisani, uwaambie.

Nikikata roho, yowe lisipigwe, likisikika tu visu vitakimbilia mtoni. Salvina, jifunge kanga mdomoni ikibidi. Kwanza Antoni akasimame mtoni, yeye mwenyewe, mwenyekiti mzima, wamwone. Akishafika, ndipo mlie.

Leteni vichwa. Nilitaka kuwatemea baraka, mate yamekauka... pokeeni pumzi hii basi. Ruwa awalinde. Msigombane... mkigombana, msigombanie mtoni.

Salvina, mkono wako uko wapi? Aa. Siuhisi.

Antoni... bado umekaa? Nani... nani yuko mtoni?

Nenda, baba. Nenda sasa.