Sentensi Iliyoongezwa Ukurasa wa Tatu

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wanaukoo, majirani zetu wa Kilema, wageni mliopanda kutoka mjini, na nyinyi wafanyakazi wenzake mliokaa kwenye hema la upande wa kulia, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Mektrida Njau, dada mkubwa wa marehemu, mwalimu mstaafu, niwasomee maisha ya mdogo wangu Primus, na kabla sijaanza namwomba kila mwenye kile kijitabu kilichogawiwa pale getini akifunge akiweke pembeni, kwa sababu nitakayoyasoma siyo yaliyochapwa ukurasa wa tatu, na kwa nini siyo, nitaeleza tukifika.

Marehemu Primus Aloyce Njau alizaliwa tarehe 14 Februari 1979 hapa hapa Kilema, akiwa mtoto wa nne wa mzee wetu Aloyce na mama yetu Ndelilio, ambao wote wamekwisha kututangulia, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, akalelewa katika kihamba hiki, shamba la ukoo wetu tulimosimama, na mimi ndiye niliyemkuta ana miaka saba na mbege ya bibi, pombe yetu ya ndizi, imemjaa mdomoni, akakiri kabla sijamaliza kuuliza, kwa hiyo nikisema kwamba mdogo wangu hakujua kudanganya, sisemi kwa sababu amelala ndani ya jeneza.

Alisoma shule ya msingi hapa Kilema kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akajiunga na sekondari Moshi mjini mwaka 1994 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1997, kidato cha sita akamaliza mwaka 2000, kisha akaenda chuo Dar es Salaam kusomea kompyuta, akahitimu mwaka 2003, wakati ambao baba yetu alikuwa bado anawaambia watu kwamba mwanawe anasomea kupiga chapa.

Baada ya kufanya kazi Dar es Salaam kwa miaka saba, mwezi Machi 2011 aliajiriwa na kampuni moja ya kukusanya na kukoboa kahawa hapo mjini, jina silitaji, wenyewe wapo na wanajijua, akiwa msimamizi wa kompyuta kuu, ile wanayoiita seva, inayotunza mafaili yote ya kampuni, ili karani wa kituo cha kahawa hapa Kilema na karani wa ghala kule Chekereni wafungue faili lile lile bila mtu kubeba karatasi.

Sasa nisikilizeni vizuri, na nyinyi vijana huko nyuma wekeni simu, maana hata mimi ilibidi anifundishe mara mbili mezani huku mtori unapoa. Karani akifungua faili, seva humpa kishikio, yaani inaweka kumbukumbu kwamba fulani ameshika faili hili, na inamtunzia mpaka aseme amemaliza, lakini umeme wetu mnaujua, ukikatika karani anakwenda zake kunywa chai, seva kule mjini bado inaamini ameshika, kesho anapewa kishikio kingine, na kile cha jana kimebaki hakina mwenyewe, vinarundikana hivyo mpaka seva inafika kikomo na kumkatalia kila mtu, na dawa yao ilikuwa kuizima na kuiwasha, kazi ya aliyekuwa katikati ya kuandika ikapotea. Primus alihangaika na jambo hilo karibu miaka miwili, akaibadili programu ili seva iwe inamuuliza kila mwenye kishikio kama bado yupo, imsubiri asiyejibu, na hapo kwenye kusubiri ndipo alipokosa usingizi, kwa kuwa ikiwahi kumnyang'anya ingemdhulumu karani ambaye mtandao wake unajikokota tu, na ikichelewa ingejaa tena, halafu akaongeza kwamba anayekuta faili limeshikwa aonyeshwe ni kompyuta ipi imelishika. Kazi hiyo aliwatumia wanaotengeneza programu yenyewe, watu wa nchi mbalimbali, wakabishana naye miezi mingi, wakaikubali mwezi Mei 2019, na leo inatumika mahali ambapo Kilema yetu hakuna anayeijua, jambo ambalo lilimfurahisha kuliko cheo chochote alichowahi kupewa.

Tarehe 27 Septemba 2008 alifunga ndoa takatifu na Stella, huyu hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wawili, Jovin aliyezaliwa mwaka 2009 na Hellen aliyezaliwa mwaka 2013, na kama mume na baba sina la kuongeza, Stella mwenyewe hakuwahi kuja kwangu kushtaki, nami ni mtu ambaye wifi zangu wote hunishtakia.

Mwezi Oktoba 2023, katikati ya msimu, uzito wa kahawa mliyoipeleka nyinyi wenyewe, wakulima mliosimama kwenye migomba hapo, ulibadilika ndani ya faili, kilo za watu zikapungua, na ofisi ikatangaza kwamba kosa ni la programu ya Primus, ati ilimnyang'anya karani kishikio akiwa bado anaandika. Primus alikana, akasema siku ile hakuna kishikio kilichonyang'anywa, akaomba kwa maandishi itazamwe kumbukumbu ya seva ijulikane ni kompyuta ipi ilikuwa imelishika faili hilo mara ya mwisho, ombi la kawaida kabisa, lakini badala ya kujibiwa alifukuzwa kazi tarehe 31 Januari 2024 na kuzuiwa kuigusa seva tena. Jamani, mnakumbuka yaliyofuata, maana wengine mlishiriki, Stella alikaa peke yake kwenye benchi kanisani, watoto waliitwa watoto wa mla kilo, na mdogo wangu akawa anazunguka njia ya juu ili asipite kituoni.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kuvimba miguu, akapimwa akakutwa figo zimeshindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 Mungu akamchukua akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mimi sisemi kwamba kuna mtu aliyemuua, madaktari wamesema ni figo na mimi nimekubali figo, ila nasema alikufa akiwa na swali moja tu, nani alilishika faili lile.

Haya, sasa tumefika. Jumanne meneja, Bwana Gidioni, alikuja msibani na kilo za sukari na maneno laini, akasema ofisi itatupunguzia mzigo, historia ichapwe kwao na vijitabu watavigharamia wao, na mimi moyo wangu ukakataa pale pale, kwa sababu mtu aliyekufukuzia ndugu haji tu na huruma iliyokomaa hivyo, lakini nikaambiwa Mektrida na wewe umezidi, nikawapa karatasi zangu. Faraja, karani wa ofisi hiyo ambaye Primus alimfundisha kazi, aliichapa historia kama nilivyoiandika kwa mkono wangu, ikawekwa kwenye seva, kisha Ijumaa vikaja vijitabu mia mbili, na ukurasa wa tatu umeandikwa kwamba marehemu aliacha kazi kwa hiari yake baada ya kukiri kuwa programu yake ilipoteza kilo za wakulima. Loo! Yaani sisi familia ndio tuwe tumekiri, kwa jina letu, mbele yenu, siku ya kumzika. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na moja, sentensi iliyoingizwa na mkono mwingine naijua, nikamshuku Rahma wa duka la uchapaji Pasua, nikamfuata na kumsema vibaya, akanionyesha alichotumiwa na sentensi ilikuwa tayari imo, Rahma nisamehe, nikawashuku hata wakwe, nao wanisamehe.

Ndipo Faraja alipokuja jana jikoni akilia, akasema Jumatano alitaka kurekebisha jina la mtoto, akashindwa kulifungua faili la historia, na kwenye kioo pakaandikwa kwamba limeshikwa na kompyuta ya ofisi ya meneja, akapiga picha kwa simu akaitupia kwenye kundi la ofisi akiuliza nani amelishika, hakuna aliyemjibu, baada ya nusu saa likaachiwa, akarekebisha jina, akalituma Pasua bila kusoma upya. Picha hiyo nimeiona mimi, ameiona Baba Paroko, na wafanyakazi wote wa hema la upande wa kulia wanayo mifukoni sasa hivi. Msigeuke jamani, tulieni. Bwana Gidioni, na wewe kaa tu, sijamaliza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochimba kaburi na kupika, akina mama wa jumuiya mliorudi kukaa na Stella ijapokuwa mlichelewa, wafanyakazi wenzake mliomtembelea kwa kujificha, na Faraja, ambaye leo ameamua kukaa na sisi wafiwa. Ukurasa wa tatu usomeke hivi, marehemu alifukuzwa kazi akiwa ameomba kuonyeshwa nani alishika faili la kilo zenu, na hajaonyeshwa mpaka leo.

Baada yangu ratiba inasema salamu za mwajiri. Bwana Gidioni, rambirambi tumekwisha kuzipokea tangu Jumanne, kwa hiyo ukifika hapa wajibu wakulima jambo moja tu, mwezi ule wa Oktoba faili lao lilishikwa na kompyuta ya nani, na Baba Paroko amekubali kusubiri kabla hatujashusha jeneza. Kipaza sauti hiki hapa, nakiacha kimewashwa. Primus mdogo wangu, pumzika kwa amani, kuuliza kuanzia leo ni kazi yangu.