Dada Yetu Aliyefanya Kazi na Seli

Ndugu waombolezaji, majirani na mliofanya naye kazi, asanteni kwa kufika, mimi ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake kwa ufupi, nami nitajitahidi nisimwongezee sifa asizokuwa nazo, maana angekuwa amekaa hapo mbele angenikatiza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili kati ya wanne, wa baba mpiga chapa, ambaye ametangulia, na mama mshonaji, ambaye yupo nasi hapa. Alianza shule ya msingi mwaka 1981, na akiwa darasa la tatu alianguka kutoka kwenye ukuta aliokuwa ameupanda kukwepa zamu ya kufagia, akavunjika mkono, na plasta ilipotolewa akamuuliza daktari ni nani aliyeuambia mfupa uache kuota ulipokwisha kuunga, daktari akamjibu, "Mfupa unajua wenyewe, mtoto mzuri," jibu ambalo hakumsamehe mpaka mwisho. Alimaliza sekondari mwaka 1993, akasoma biolojia chuo kikuu hadi shahada ya uzamivu, lakini hakutaka kuitwa Daktari, akisema jina hilo litamletea wagonjwa mlangoni.

Mwaka 2000 aliajiriwa na taasisi ya utafiti, katika chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama maegesho ya magari, na humo alifanya kazi maisha yake yote, kazi ya kuchukua seli shina, yaani zile seli changa za uboho ulio ndani ya mfupa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, zilizotolewa kwa ridhaa ya watu waliopasuliwa nyonga, na kuzikuza ndani ya kabati la joto mpaka ziwe vipande vya mfupa wa binadamu, vidogo kama punje ya dengu, ili dawa zijaribiwe juu yake kabla hazijaingia mwilini mwa mtu. Mama alipoulizwa na majirani alisema mwanawe anafanya kazi na seli, habari ikatembea, na kwa miaka kadhaa dada akawa anafuatwa na wazazi ambao vijana wao wamekamatwa, wakimwomba awapelekee sabuni, naye, badala ya kuwasahihisha, aliwaambia, "Wangu hawatoki hata kwa dhamana."

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa fizikia, na sherehe ikiwa katikati aliinuka na gauni lake kwenda kuzibadilishia seli maji ya lishe, mama akamfuata hadi getini akimuuliza, "Unakwenda kumlisha nani, na mumeo hajala?" ndipo shemeji akachukua sahani yake akaenda naye. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni fundi umeme, na kijana aliye chuoni.

Wasifu wa namna hii husema marehemu alikuwa mpole, mimi siwezi kusoma hivyo mbele ya watu wanaomjua. Vipande vyake vya kwanza vilitoka laini kama uji mzito, wenzake wakatafuta kosa kwenye lishe, kumbe kosa lilikuwa upole, walivitunza bila kuvigusa, na mfupa usiobebeshwa uzito haukomai, basi akaunda kimashine cha kuvibinya na kuviachia, kama mguu wa mtu anayetembea, na tangu hapo kila Jumapili alituaga mezani kwa kusema, "Nakwenda kuwatembeza."

Mwaka 2021 alianza kuumwa mgongo, akalaumu kiti cha ofisini, hadi vipimo vya mwezi Agosti vilipoonyesha saratani ya uboho, ugonjwa unaokula mifupa kutoka ndani. Aliomba uboho wake mwenyewe utolewe, wenzake wakaukuza, na dawa mpya ikaanza kujaribiwa juu ya vipande vyake, lakini jibu halikumuwahi, akafariki Jumanne ya tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu. Vipande hivyo bado vimo kabatini, vinaishi, na katika kikao cha familia baba mdogo aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, "Tunamzika mtu mzima au tunamzika nusu? Kilichobaki kazini kwake tunamwachia nani?" akataka viletwe viwekwe ndani ya jeneza. Mwenzake marehemu wa maabara akaeleza kwamba jaribio liko katikati, likikatizwa limekufa, na wapo wagonjwa wa maradhi hayo hayo wanaongoja jibu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukagawanyika, hata mimi na kaka tukanuniana, kisha mama akauliza, "Huko kabatini, bado wanatembezwa?" akajibiwa, "Ndiyo, mama, hata leo asubuhi," akasema, "Basi mimi sitazika kilicho hai," na baba mdogo akavua miwani akafuta macho, kikao kikaisha.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama na sisi ndugu zake watatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, ambao hawakumdanganya hata siku alizotamani kudanganywa, majirani mliopokezana kukaa na mama, na wafanyakazi wenzake, ambao wawili kati yao hawapo hapa, nanyi mnajua walipo na wanafanya nini.

Dada, pumzika kwa amani, wako wa seli tutawatembeza.