Karanga za Mama Jokébed

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa Butembo, Mama Jokébed Kavugho anastaafu leo, tarehe 28 Juni.

Kazi yake wengi hawakuijua, na waliochungulia mlangoni walikimbia. Daktari akishakata kipande cha utumbo chenye kansa, Mama Jokébed hupapasa kwa vidole mafuta yanayouzunguka utumbo huo, akitafuta tezi za limfu, vinundu ambavyo kansa hupitia kwanza. Zikifika angalau kumi na mbili, ndipo daktari anaweza kusema kwa uhakika kama kansa imeanza kusafiri. Vidole hivyo alikuja navyo kutoka Lubero, alikochambua maharagi na mama yake tangu utoto.

Kila utumbo aliuchorea ramani. Tezi zilizo jirani na uvimbe aliziita Butembo, za mbele kidogo Beni, za mbali kabisa Kasindi, maana kansa ikifika huko iko mpakani mwa nchi, tayari kuvuka.

Kuhesabu kulikuwa kwa karanga. Akipata tezi huiweka chupani na kuita, "Ingine!" Nami, kwenye meza ya daftari, naweka karanga moja katika sahani. Mpango huu haukuwahi kukosea mpaka asubuhi niliyokuja kazini bila kunywa chai.

Siku hiyo ulikuwa utumbo wa mwalimu Mathe, wa mtaa wa Beu kule Beni. Mama Jokébed alivua glavu, akahesabu karanga: kumi. Mbili zilizobaki nilijua ziko wapi, nikainamia daftari kwa aibu. Yeye akavaa glavu upya.

"Haiyaisha. Iko ingine," alisema.

Alipapasa saa nzima, akatoa mbili zaidi, ya mwisho ndogo kama punje ya mtama. Chini ya darubini, nyingine zote zilikuwa safi. Hiyo ndogo ilikuwa na kansa. Bila hiyo, mwalimu angeambiwa amepona, aende zake nyumbani. Kumbe kansa ilikuwa imefika Beni, ila haijavuka mpaka. Alitundikiwa dawa miezi sita, na leo, mwaka wa tano, amekaa mstari wa mbele wa hafla hii na gunia la karanga miguuni.

Ndiyo, Mama, zile mbili nilizila mimi. Naomba radhi mbele ya watu wote. Lakini nadhani ulijua, kwani kesho yake daktari alikuta tezi kumi na nne chupani, wakati sahani ilisema kumi na mbili. Tangu hapo, bila neno lolote, ulianza kuja na sahani mbili: moja ya hesabu, nyingine unaisogeza upande wangu.

Asante kwa yote, Mama. Tutakukosa sana. Tunakutakia mapumziko marefu, afya, na maharagi ya kuchambua kwa raha zako tu. Sahani zote mbili umeniachia. Jana nilipapasa peke yangu kwa mara ya kwanza, nikafika kumi na mbili, nikavua glavu.

Halafu nikazivaa tena.

Manassé Lusenge, maabara