Dokta Tirsit Wondafrash, Aliyekaa Chini Kuwaambia Wagonjwa Ukweli

Mapadri wetu, wazee wa chama cha mazishi, majirani na wafiwa wenzangu, mnivumilie.

Dokta Tirsit alizaliwa tarehe 7 Tikimti 1949 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, mjini Debre Sina, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani Bwana Wondafrash Ayele na mama yetu, Wuletaw Desta. Mimi Endalkachew nilimfuata miaka minne baadaye, tukawa wawili tu. Tangu utotoni aliogopa radi. Mvua za Hamle zikianza kunguruma mlimani, alijifunika shuka zito la gabi mpaka kichwani, na hata alipokuwa daktari mtu mzima sikuacha kumcheka.

"Dada, unapasua matumbo ya watu halafu unajificha?"

"Tumbo nitalishona, mjinga wewe," alijibu humo humo ndani ya shuka. "Radi nitaishona na nini?"

Alisoma Debre Sina hadi darasa la nane, akafaulu kwenda shule ya bweni Addis Ababa. Mwezi wa Yekatiti 1964, dada akiwa darasa la kumi, baba alishikwa na kichomi akafariki siku ya nne. Mtihani wa dada ulikuwa karibu. Mama hakujua kuandika, mimi nilijua, akanikalisha mezani nimwandikie dada. "Andika: baba mzima, anakusalimu." Nikaandika. Niliandika barua nne za namna hiyo, kwa mwandiko mzuri niliosifiwa shuleni. Fasika, Pasaka yetu, ilipofika, dada alirudi nyumbani akiwa amemnunulia baba pakiti ya sindano za cherehani, akamkuta mama mlangoni amevaa nyeusi. Hakulia kwanza. Alinigeukia mimi: "Endale, ulikuwa unaandika huku unajua?" Nilitoka mbio, nikaenda kulala kwa jirani.

Mwaka 1967 alipelekwa pamoja na wanafunzi wenzake kuwafundisha wakulima kusoma, kisha akasomea udaktari Gondar na kuhitimu mwaka 1977. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika hospitali ya hapa Debre Birhan, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja, hadi alipostaafu mwaka 2009. Wengi mliosimama hapa amewazalisha, au amewashona, au amewagombeza kwa kumpa mtoto mwenye homa dawa za jirani.

Nyote mnajua desturi yetu. Daktari huwaita ndugu koridoni akawaambia, na mgonjwa huambiwa atapona. Dokta Tirsit aliikataa. Mgonjwa wa kwanza aliyemwambia ukweli alikuwa mkulima wa Ankober mwenye uvimbe wa ini, na kaka zake walimfuata mpaka uani. "Umemuua kwa mdomo, daktari!" walimpigia kelele. "Sisi tulikuletea umtibu, wewe umemsomea hukumu!" Alirudi ndani, akakaa tena kando ya kitanda cha mgonjwa. Mkulima yule alikwenda nyumbani, akagawa ng'ombe zake kwa mikono yake, akapatana na mdogo wake waliyenuniana miaka tisa.

Wanafunzi aliwafundisha hivi: kaa chini, uwe chini kuliko mgonjwa. Sema kwa sentensi moja. Usiondoke. Ameacha madaftari arobaini na moja ya shule, yenye majalada ya buluu, na humo mna kila kitu, kuanzia wodi na bei ya vitunguu mpaka shule zetu. Ukurasa mmoja unasema, "Kijana anajua mifupa mia mbili na sita na hajui kusema pole. Tumemfundisha nini?" Mwingine unasema, "Anayeambiwa huogopa siku moja. Anayefichwa huogopa kila mlango unapofunguliwa."

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mwalimu wa fizikia, Bwana Zewdu Abate, wakajaliwa binti mmoja, Mahlet. Zewdu alipougua moyo, mkewe ndiye aliyemwambia, jikoni, kahawa ikiwa motoni. Waliishi pamoja miaka miwili zaidi hadi alipofariki mwaka 2004. Mahlet anasema hiyo ndiyo miaka waliyocheka sana.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa.

Jumatano, tarehe 3 Tahsasi mwaka huu, dada alipimwa kwa maumivu ya tumbo. Dokta Surafel, mwanafunzi wake mwenyewe, alituita koridoni, mimi na Mahlet. Alikuwa analia. "Baba, ni kansa ya kongosho, na imesambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa chini, lakini kwake nimeshindwa. Mwambieni ninyi." Mahlet alinishika koti. "Mjomba, ukimwambia atakufa kesho. Nakuomba." Mahlet hana lawama. Mkubwa nilikuwa mimi.

Niliingia. Nilibaki nimesimama.

"Endale, ni nini?"

"Vidonda vya tumbo, dada."

"Vidonda vya tumbo." Alinitazama sana. "Nimetibu vidonda vya tumbo miaka thelathini na mmoja." Nikatazama dirisha. "Haya," akasema. "Basi mnipunguzie pilipili."

Hakuuliza tena, na wiki kumi na moja sikufungua mdomo. Tulimletea uji, tukamwambia anapendeza. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa haraka, akatazama nani anaingia na amebeba nini usoni. Nililiona jambo hilo kila siku. Usiku alimwomba Mahlet asizime taa. Madaftari nimeyasoma juzi: kuanzia tarehe 3 Tahsasi mna tarehe tu, moja baada ya nyingine, bila neno. Mficha maradhi kilio humuumbua, na leo kilio kimeniumbua mimi.

Alifariki jana, Alhamisi, tarehe 21 Yekatiti 2016, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Nilikuwa nimemshika mguu. Hata hapo nilimwambia, "Utapona."

Karatasi mlizogawiwa zimeandika kwamba ameacha binti mmoja, wajukuu wawili na ndugu mmoja. Zimeacha mtu kwa makusudi, zisije zikamfikia. Dokta Tirsit amemwacha pia mama yake mzazi, Wuletaw Desta, mwenye umri wa miaka themanini na minane, ambaye yuko Debre Sina na anaamini binti yake yuko Addis Ababa kwa matibabu. Jana wazee waliamua asiambiwe mpaka Fasika ipite, moyo wake usije ukakatika. Leo asubuhi mama alipiga simu. "Endale, Tirsit anakula?" Nikasema, "Anakula, mama."

Mzee Lemma, naona unanitikisia kichwa ninyamaze. Nisamehe, sitanyamaza. Nilimwandikia dada kwamba baba mzima. Nilimwambia dada ana vidonda. Uongo huu wa mama ni wa tatu, na umenishinda. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Anayetaka kufuatana nami aje, ila mdomo utakuwa wangu. Nitavuta kigoda nikae chini yake. Nitasema kwa sentensi moja, na sitaondoka. Naogopa, ndugu zangu. Sijawahi kuogopa hivi. Nina miaka sitini na mitatu na natamani kukimbilia kwa jirani.

Kabla hawajakuteremsha, dada, nimepiga magoti hapa kwenye udongo, niko chini yako. Ni kansa ya kongosho. Umeambiwa sasa. Pumzika.