Kidonda cha Dionis na Madaktari wa Chemchem

Pale Chemchem, mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, lipo benchi la saruji ambalo bati la duka hulifunika nusu tu. Wenyewe wana utaratibu wao: aliyetangulia kujiunga na kijiwe hukaa ndani, kivulini, aliyekuja mwisho hukaa mkiani. Hakuna kudekezana. Aliyekuja mwisho ni Dionis, fundi redio mwenye ualbino ambaye wenzake humwita Redio, na tangu aje hajajiunga mwingine. Asubuhi hiyo alikuwa na bandeji sikioni na moyo mzito. Kidonda chake kilikataa kupona, daktari akakiita saratani, na kesho alikuwa apande treni kwenda kukatwa sikio. Alikuja kuwaaga wenzake. Kabla hajamaliza kuaga, wakaanza kumtibu.

— Daktari kasema ni jua, alisema Dionis. Limeniunguza kidogo kidogo tangu utotoni.

— Jua! alicheka Sabiri, muuza nyama waliyembatiza Waziri kwa kupenda matamko. Jua hilihili walilotembea nalo wapagazi kutoka hapa mpaka pwani, pembe mabegani? Mbona wao hawakukatwa masikio?

— Wale walikuwa na weusi wao, alijibu Mzee Luhende, ambaye kwa biashara yake ya asali wanamwita Nyuki. Weusi ni mwavuli Mungu kaushonea ndani ya ngozi. Redio hakupewa. Sasa afanyeje? Ajipake asali! Ushawahi kuona nyuki kababuka?

— Nilijipaka, Mzee. Ile uliyonipa. Nikaona nimeshajikinga, nikaacha na kofia.

— Ukapaka nyembamba.

— Daktari alishika kichwa aliposikia.

— Madaktari hawaijui asali ya miyombo hao.

Yahaya, muuza kahawa, alimjazia Dionis kikombe bila kuulizwa.

— Mimi nasema tope, alisema. Tope la mtoni. Tembo anajipaka kila siku. Nani kasikia tembo ana saratani?

— Nyote mnazunguka mbuyu! Waziri alisimama kabisa. Wahenga walishamaliza: dawa ya moto ni moto. Kilicholetwa na jua kitolewe na jua. Afungue hiyo bandeji saa sita, akianike kidonda mpaka kikauke kama michembe ya viazi!

Wakacheka. Dionis naye akacheka, kwa mazoea. Lakini alikuwa na hofu, hofu ya kweli. Alitaka mmoja wao aseme pole, basi. Akavuta kola ya shati afunike shingo.

— Usijali, Redio, alisema Nyuki. Mchumia juani hulia kivulini.

Hapo ndipo alipofika Ngassa, mrina asali wa kijiji cha Tura, ameleta dumu la mzigo wa Nyuki.

— Shikamoo wazee.

— Marahaba. Karibu kahawa. Tunamtibu mwenzetu, jua limemla sikio.

Ngassa aliweka dumu chini. Akamtazama Dionis, akatazama bati juu, akawatazama wale watatu.

— Poleni. Sasa mbona yeye ndiye mmemkalisha juani?

Nyuki akapuliza kahawa ambayo ilishapoa.

— Ni utaratibu wa benchi, alisema mwishowe Yahaya, kwa sauti ndogo.

— Utaratibu umewekwa na nani?

Dionis akazungusha kikombe mkononi. Kwingine kote watu walimwonea huruma au walimkwepa. Hapa alipangwa kwenye foleni kama mtu yeyote, na aliipenda foleni hiyo kiasi kwamba hakuwahi kuomba kusogea. Wao nao hawakuwahi kuuliza.

Waziri akanyanyuka tena, matamko yamemwishia.

— Njoo ukae hapa, ndugu yangu. Njoo.

Dionis akaenda. Saruji ya kivulini ilikuwa baridi, na macho yake yakaacha kukunjamana. Akageuka kutazama alikotoka. Kumbe ukiwa hapa wanapokaa wao, mkia wa benchi unauona vizuri, wote, na jua lake lote.