Efu Tisa Inafuta

Benchi la kwa Bi Chapa ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali. Upande huu kuna dirisha la kibanda chake cha kuchapa, upande ule kuna jiko la Birika, muuza kahawa. Anayekaa hapo anakunywa, anasoma kwa jicho la pembeni barua za watu kwenye skrini, halafu anatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, kikombe cha kwanza bado kinafuka moshi, Bi Chapa alipiga meza kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, na benchi zima likageukia dirishani.

— Imefuta tena!

— Imefuta nini? aliuliza Antena, fundi redio, mzee ambaye hajawahi kukutana na kifaa akakiri hakijui.

— Fomu nzima. Najaza hadi mwisho, nabonyeza efu tisa, ile F9 ya juu ya kibodi, ihifadhi, mshale unaruka moja kwa moja kwenye Futa. Nimejaza mara tatu, imefuta mara tatu.

Hilo halikuwa jambo dogo, na wote walilijua. Tangu Bi Chapa ateleze bafuni na kuvunjika mkono wa kulia, vidole vitatu vimegoma kukunja, na kipanya hakishiki tena. Kilichombakiza kazini ni vitufe viwili alivyotengenezewa na binti yake. Akibonyeza efu nane, jina la kikundi, anwani na namba ya usajili vinajiandika vyenyewe. Akibonyeza efu tisa, mshale unatembea peke yake hadi Hifadhi na kubofya. Sasa alikuwa na fomu thelathini na mbili za mafundi cherehani wanaoomba vibanda kwenye soko jipya. Ijumaa alihifadhi kumi na moja bila shida. Zilibaki ishirini na moja, na maombi yalikuwa yanafungwa Jumatatu hiyohiyo saa kumi alasiri.

— Hivyo ni virusi, akasema Cheti.

Cheti alisomea kompyuta kwa wiki mbili, miaka kumi na moja iliyopita, na cheti chake kimetiwa fremu kubwa kuliko picha yake ya harusi.

— Virusi gani vinavyojua kufuta tu?

— Virusi vina kazi zao, Bi Chapa. Kuna vya kuiba, kuna vya kuchelewesha, hivi vyako vimesomea kufuta. Dawa ni moja. Tunaipangusa kompyuta yote, inaanza upya kama imetoka dukani.

— Na fomu zangu?

— Zinaondoka na virusi.

— Gusa hiyo kompyuta, Cheti, nikuvunje vidole tuwe sare.

Cheti akarudisha mkono mfukoni. Antena akakohoa, maana zamu yake ilikuwa imefika.

— Mwacheni mwenye kazi yake aseme. Tangu wale wachomeleaji wafungue karakana nyuma ya ukuta, redio zangu tatu zinakoroma. Kwa nini? Mawimbi! Waya wa kipanya ni mrefu, unayanywa mawimbi yote, mshale unalewa.

— Mshale unalewa, Birika akarudia, huku akimimina.

— Unalewa! Na mlevi haendi anakotumwa.

— Mbona unakwenda palepale kila mara? aliuliza Bi Chapa.

— Kuna walevi wa hivyo.

Akachana karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara, akapitisha mkono dirishani na kuuviringishia waya wa kipanya kwa uangalifu wa daktari anayefunga kidonda. Bi Chapa alimwacha. Mtu aliyekaliwa na saa shingoni hukubali mengi. Akabonyeza efu nane: jina likajiandika, anwani ikajiandika, namba ikajiandika, bila kosa hata moja. Akabonyeza efu tisa. Mshale ukaruka, na fomu ikawa nyeupe.

— Ilikaribia, akasema Antena.

— Ilikaribia nini? Si imefuta vilevile!

— Imefuta taratibu zaidi.

Birika akaweka birika lake chini, akajifuta mikono. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akianza kutia chumvi haachi hadi chombo kijae.

— Nyinyi mnahangaika na waya, wenzenu wako mbali. Vibanda ni sitini. Walioomba ni mia tatu. Ningekuwa mimi ndiye mkubwa wa soko, nina watu wangu nataka wapate, ningefanya nini? Ningebadilisha vitufe. Pale pa Hifadhi naweka kufuta, pale pa Futa naweka kuhifadhi. Watu wangu nimewanong'oneza. Wengine mtahifadhi hadi mkome.

Ubaya wa maneno ya Birika ni kwamba huwa yanakaribia kuingia akilini.

— Sasa si tubofye Futa tuone? akasema Cheti, macho yamemtoka. Ikihifadhi, tumewakamata!

— Mimi sifuti kazi yangu kwa mkono wangu, akasema Bi Chapa.

— Unafuta ili uhifadhi, Bi Chapa. Fikiria.

Akafikiria, akaona ni upuuzi, akafanya. Alishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akakikokota hadi Futa, akabofya. Ikafuta.

— Mara ya tano, alisema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha.

— Basi wamejua tumewajua, akasema Birika. Wamerudisha.

Hapo ndipo nadharia zilipokata kamba. Cheti akaapa kwamba kuna mtu ng'ambo ya bahari ameshika kipanya pacha na cha Bi Chapa, huyu akivuta huku yule anavuta kule. Antena akampinga, akasema mtu hawezi kuvuta kipanya kutoka umbali ule bila setelaiti, na setelaiti zenyewe Jumatatu zina foleni. Birika akawasikiliza wote wawili, akatikisa kichwa.

— Mimi naona mashine imenuna. Ilizoea kushikwa. Sasa inabonyezwa kwa kidole kimoja, mshale unatembea wenyewe kama nyumba haina mwenyewe. Imegundua hakuna mtu.

Alisema kwa utani, na wenzake wakacheka. Bi Chapa hakucheka. Ile "hakuna mtu" ilimchoma, kwa sababu miaka ishirini na sita alikuwa akichapa kwa vidole kumi bila kuangalia chini, na sasa wanaume watatu walikuwa wanajadili mkono wake juu ya kahawa. Akawageuzia mgongo, akajaza fomu moja na kuihifadhi kwa mkono wa kushoto. Mara mbili mshale ulimponyoka, mara moja ukafungua ukurasa wa matangazo. Alipomaliza alitazama saa ya ukutani: dakika ishirini na tano. Kwa efu tisa ilikuwa dakika nne. Hesabu haikuhitaji mtu mwenye cheti. Akienda hivyo, saa kumi itamkuta na watu zaidi ya kumi waliokosa vibanda kwa sababu yake, na kazi nyingine kama hiyo hataletewa tena.

Saa sita na nusu akaja mwanamke mmoja, futi ya kupimia imening'inia shingoni na pini mbili kwenye ukosi. Alikuwa mmoja wa wenye fomu.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitika.

— Nimekuja kuulizia tu kama yangu imekwenda.

Wakamweleza wote kwa pamoja: virusi, mawimbi, mkubwa wa soko, kipanya pacha. Fundi cherehani alisikiliza kwa heshima, akimtazama kila msemaji, hadi wakaishiwa pumzi.

— Mimi wazee wangu najua cherehani tu. Lakini hivyo vitufe alivitengeneza nani?

— Binti yake, akasema Birika.

— Alaa. Sasa yeye amesemaje?

Antena akaanza kuifungua karatasi yake ya fedha kwenye waya. Cheti akachungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Asubuhi nzima walikuwa wamezunguka dunia na setelaiti zake ili wasifike hapo.

Walilijua jambo lenyewe kwa sababu lilisemwa dirishani, kwa sauti. Binti alikuwa amepata kazi mji mwingine, akataka mama yake afunge kibanda waende wote. "Mama, utachapaje kwa mkono mmoja?" Bi Chapa alijibu: "Siku nitakayoshindwa kazi, nitakupigia mwenyewe uje unichukue. Kabla ya hapo usinibembeleze." Binti akamtengenezea vile vitufe kwa siku tatu, akaondoka, na kwa kuwa alilelewa kusikia, hakubembeleza. Ilikuwa mwezi wa tatu sasa bila simu. Bi Chapa alimkumbuka mwanawe kila siku ya Mungu. Lakini kupiga ile namba kulikuwa ni kutamka kwamba ameshindwa, na alijua atakayepokea atasikia hivyo kabla hajasema hata neno moja.

Akamtazama fundi cherehani na pini zake. Akachukua simu. Mkono mmoja ulihitajika kwenye kibodi, kwa hiyo akailaza mezani na kuweka spika, na benchi likapata bure kile ambacho lingekilipia.

— Mama? Sauti ilikuja kabla mlio wa pili haujaisha. Mama, umeshindwa?

— Sijashindwa. Efu tisa inafuta.

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

— Efu nane je?

— Inaandika vizuri.

— Basi programu ni nzima. Bonyeza efu tisa kwenye fomu tupu, uniambie mshale umesimama wapi.

— Kulia, chini kidogo ya katikati.

— Palepale pa siku zote?

— Palepale.

— Basi mshale haujakosea, Mama. Mshale hausomi. Mimi niliuambia tu: nenda kulia kiasi hiki, shuka kiasi hiki, bofya. Ukikuta Hifadhi, utabofya Hifadhi. Ukikuta Futa, utabofya Futa. Kilichohama ni ukurasa.

— Mawimbi yanaweza kuhamisha... alianza Antena.

— Nani yuko hapo?

— Benchi, akasema Bi Chapa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanetu!

— Ukurasa unahama mtu akikuza maandishi. Kuna aliyekuza?

Bi Chapa akahisi uso unamfukuta. Jumamosi jioni, akiwa peke yake, herufi zilikuwa zinaogelea, akabonyeza kontro na alama ya kujumlisha, mara moja, mara mbili, hadi zikatulia. Hakudhani amegusa kitu chochote. Alidhani amesogeza taa tu. Sasa aliona kilichokuwa mbele yake: mkono amekubali kuusema, lakini na macho pia? Binti atakuja na begi kesho.

— Ni mimi, akasema Cheti ghafla, kwa sauti kubwa. Nilikuwa naangalia matokeo ya mpira. Nisamehe, mwanetu. Nina cheti lakini sina miwani.

Ulikuwa uongo mtupu, na mzuri, na ulimtoka mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa amekubali kosa hata moja. Bi Chapa akamtazama. Cheti akajitia kutazama barabara.

— Sawa, akasema binti. Mama, bonyeza kontro na sifuri. Maandishi yatarudi kuwa ya kawaida. Jaza moja, halafu efu tisa.

Bi Chapa akafanya. Herufi zikanywea. Alijaza kwa mazoea, anajua visanduku kama anavyojua vyumba vya nyumba yake, na wote wakasogea hadi ubao ukainuka upande mmoja. Efu tisa. Mshale ukaruka, ukabofya, na mstari wa kijani ukajitokeza juu ya ukurasa. Birika akapiga makofi. Fundi cherehani akasema alhamdulillahi.

— Kuna mstari umetokea? aliuliza binti.

— Upo! likasema benchi.

— Nimemuuliza Mama. Mama, umeandikwa nini?

Antena akafungua mdomo, fundi cherehani akamgusa bega, akaufunga. Waliusoma wote, kutoka walipokuwa, nje ya dirisha. Bi Chapa akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Aliona ukijani, na ndani yake vidudu vyeusi. Angeweza kukisia. Mtu wa miaka ishirini na sita kazini angekisia bila kukosea.

— Siusomi, mwanangu, akasema. Cheti hajagusa kitu. Nilikuza mimi.

Birika akainama kuangalia kama simu haijakata.

— Basi rudisha makubwa, binti akasema. Usiyapunguze tena. Nitaibadilisha efu tisa, iitafute Hifadhi popote ilipo, kwa ukubwa wowote unaotaka wewe. Nipe nusu saa, nikutumie.

— Nusu saa tutawahi.

— Mtawahi.

Bi Chapa akakaa akiitazama simu. Binti hakuwa amesema "si nilikwambia". Hakuwa amesema aje kumchukua. Alikuwa anasubiri, kama alivyoambiwa.

— Kazi sijashindwa, akasema Bi Chapa. Lakini kuna hospitali ya macho, na peke yangu naogopa kwenda. Uje.

— Nakuja Ijumaa.

— Begi lako uje nalo kubwa, ukae.

Benchi zima likainua vikombe na kunywa kwa pamoja, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha zamani.